Je, Wajua? Lahaul na Spiti, Wilaya Pana Yenye Watu Wachache

• Wilaya ya Lahaul na Spiti, kaskazini mwa India, ina zaidi ya kilomita za mraba 13,800, lakini sensa ya 2011 ilihesabu watu wapatao 31,500 tu: kama wawili kwa kila kilomita ya mraba.

• Milima ya Himalaya huzuia mawingu ya mvua, hivyo bonde la Spiti ni jangwa la baridi. Wakulima huchimba mifereji ya kuleta maji ya theluji iliyoyeyuka kwenye mashamba ya shayiri, viazi na njegere.

• Mito ya Chandra na Bhaga hukutana Tandi na kuzaa mto Chenab, unaotiririka hadi Pakistani.

• Wakazi wengi wa Spiti ni Wabudha. Monasteri yao ya Tabo, yenye kuta nene za udongo, ilianzishwa mwaka 996 na watawa wangali wakiishi humo.

• Theluji hufunga Rohtang, njia ya mlimani ya kuingia Lahaul, kwa miezi kadhaa kila mwaka. Lakini tangu Oktoba 2020, handaki la Atal, lenye urefu wa kilomita 9, linapita chini ya mlima huo. Sasa hata katikati ya kipupwe mgonjwa wa Lahaul anaweza kufikishwa hospitali kwa gari bila kungoja helikopta. Hiyo ni neema kubwa.