TUWAPELEKE WATOTO BAHARINI, TUWARUDISHE SALAMA



Jumatatu moja ya Pasaka, tukiwa katika zamu ya jioni, pikapu ilisimama mlangoni pa hospitali yetu. Alishushwa mtoto wa kiume wa miaka 6, nguo zimelowa, midomo imegeuka rangi. Familia tatu zilikuwa zimekwenda ufukweni kula sikukuu, watu wazima 9 na watoto 14. Tulipomwuliza mama ni nani aliyekuwa akimwangalia mtoto, alijibu kwa sauti ndogo, "Dada, tulikuwepo wote."

Mtoto yule alipona. Mvuvi aliyemtoa majini alijua kumpulizia pumzi, naye hakusubiri. Lakini jibu la mama yule hatujalisahau. Wote walikuwepo, ila hakuna aliyekuwa zamu.

Baada ya tukio kama hilo wazazi wengi husema, "Basi, watoto wangu hawataiona tena bahari." Sisi wauguzi hatukubaliani nao. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 za kukimbia, kuruka na kucheza kila siku. Katika nyumba zetu za kupanga, ambako uwanja mmoja ni wa kufulia, kupikia na kuegesha pikipiki, atazipata wapi? Mtoto anayeshinda mbele ya televisheni au simu hunenepa, halali vizuri, na hazungumzi na wazazi wake. Matembezi ya familia ni sehemu ya afya.

MAHALI PA KWENDA

Tuchukue mfano wa jiji la Dar es Salaam, ambako familia nyingi hudhani kwamba kutembea na watoto ni lazima kuwa na fedha nyingi.

Baada ya Misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, tembeeni kwa miguu kando ya bandari kuelekea Kivukoni. Watoto wataona meli, boti na wavuvi. Anayetoka mbali anaweza kufika huko kwa mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016. Kutoka hapo mnaweza kuvuka kwa pantoni hadi Kigamboni na kurudi. Ni safari ya dakika chache tu, lakini kwa mtoto wa miaka 5 ni safari ya kukumbukwa. Mshikeni mkono wakati wa kupanda na kushuka, kwa maana watu husukumana.

Karibu na hapo ipo Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1893, yenye kivuli kizuri, na Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert, ambapo watoto watajifunza habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Aidha, kipo Kijiji cha Makumbusho huko Kijitonyama, chenye nyumba za asili za makabila yetu. Mpelekeni na bibi, awaeleze wajukuu jinsi alivyokuwa akitwanga na kulala katika nyumba ya namna ile.

Jioni ipo Coco Beach, pamoja na mihogo yake. Huko ndiko watoto wanakotaka kwenda kuliko kote, na huko ndiko tunakotaka kuwaonya.

ZAMU YA MAJINI

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji katika mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Huzama kimya, wakati mama anafungua hotpoti na baba anajibu simu.

Wodini kwetu muuguzi haondoki mpaka amkabidhi mwenzake wagonjwa, kwa majina na kwa idadi. Fanyeni hivyo hivyo ufukweni. Chagueni mtu mzima mmoja avae kofia ya zamu. Mwenye kofia hali, hapigi soga, hashiki simu wala hanywi pombe. Kazi yake ni kuwatazama watoto na kuwahesabu. Baada ya nusu saa amvalishe mwingine kofia ile na kumwambia, "Watoto ni saba, wote nimewaona, sasa ni wako." Dada wa miaka 10 asipewe kofia hiyo, maana yeye naye ni mtoto.

Mtoto asiyejua kuogelea awe karibu kiasi cha kufikiwa kwa mkono, na maji yasimzidi kiuno. Tyubu za magari zisiwadanganye. Mkondo huweza kumchukua mtoto pamoja na tyubu yake.

Waulizeni wavuvi saa za maji kujaa na kupwa. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hupanda zaidi ya mita 3. Fungu la mchanga walilochezea watoto mchana huweza kuzungukwa na maji jioni. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

JUA, KIU NA CHAKULA

Nendeni asubuhi kabla ya saa 4, au jioni baada ya saa 10, jua likiwa limepungua ukali. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu, na akae kivulini. Msimwache nyumbani, naye ana haki ya kucheza na wenzake. Mtoto mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara, asikae sana majini, na akitoka akaushwe na kuvalishwa nguo kavu mara moja, kwa sababu baridi na upungufu wa maji mwilini humwamshia maumivu makali.

Chukueni maji safi ya kunywa kutoka nyumbani. Mihogo iliwe ya moto. Kachumbari iliyokaa wazi tuiache. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

MTOTO AKIZAMA

Mtoeni majini haraka. Msimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo, kwani mnapoteza muda na mnaweza kumtapisha. Akipumua, mlazeni ubavu na kumfunika. Asipopumua, inueni kidevu chake, mbaneni pua, na kumpulizia mdomoni pumzi 5. Asipozinduka, kandamizeni katikati ya kifua mara 30 kwa haraka na kwa nguvu, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo bila kukoma hadi apumue au msaada ufike. Wakati huo mwingine atafute gari.

Hata akizinduka na kucheka, mleteni hospitali. Maji yaliyoingia mapafuni huweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.

Mtoto yule wa Pasaka alikaa wodini kwetu siku 3. Siku ya kuruhusiwa alituuliza kama mwaka ujao atapelekwa tena baharini. Mama yake alinyamaza. Tulimjibu sisi, "Utapelekwa, mwanangu, lakini mama atanunua kofia."

Nanyi wazazi, kabla ya sikukuu ijayo, kinunueni kofia chenu, na mkubaliane mapema ni nani atakayeanza zamu.