Ndugu wa Kifua Kikuu Wasiohesabiwa

Kifua kikuu (TB) husababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium tuberculosis, ambaye Robert Koch alimtangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Lakini bakteria huyo ana ndugu wengi, spishi zaidi ya 190, waishio katika udongo, vumbi, maji ya mito na hata ya mabomba, na ambao wataalamu huwaita kwa jumla maikobakteria wasio wa kifua kikuu (yule wa ukoma, ingawa ni wa ukoo huohuo, huhesabiwa kando). Wengi wao hawamdhuru mtu mwenye afya, na wanapomdhuru, kwa kawaida huwa wametoka katika mazingira na si kwa mgonjwa mwenzake.

Katika Marekani, ambako TB imekuwa adimu, maradhi ya mapafu yaletwayo na ndugu hawa yameshaipita TB kwa wingi, kwa sababu wazee wameongezeka na maabara zimekuwa hodari zaidi kuwatambua. Mkoa wa Iringa, Tanzania, haujafika huko, na kudai hivyo kungekuwa kutia chumvi: kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, TB nchini Tanzania ilishuka kutoka wagonjwa wapya 306 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 hadi 195 mwaka 2022, nacho ni kiwango kikubwa bado. Hata hivyo, kadiri TB inavyopungua ndivyo sehemu ya ndugu zake inavyoweza kukua, hasa Nyanda za Juu Kusini, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4, kwa kuwa kinga iliyodhoofishwa na VVU ni mlango wao, kama yalivyo mapafu yaliyobaki na makovu ya TB ya zamani.

Kwamba wapo katika nyanda hizi si jambo la kukisia. Mtafiti Rudovick Kazwala na wenzake walichunguza maziwa mabichi ya ng'ombe wa wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini, wakachapisha matokeo mwaka 1998: kati ya sampuli 805, 31 zilikuwa na maikobakteria, lakini 2 tu ndizo zilizokuwa na Mycobacterium bovis, yule wa kifua kikuu cha ng'ombe, na nyingi kati ya zilizobaki zilikuwa na hawa ndugu wa mazingira. Waliotafuta TB, kwa hiyo, walikuta zaidi kile ambacho hawakukitafuta.

Tatizo kubwa liko katika kutambua. Chini ya hadubini, makohozi yakishapakwa rangi, bakteria wote wa ukoo huu huonekana vijiti vyekundu visivyotofautiana, kwa hiyo mtu asiye na TB anaweza kuandikiwa dawa za TB kwa miezi sita. Na kwa kuwa wengi wa ndugu hawa kwa asili hawasikii baadhi ya dawa hizo, kama isoniazidi na pirazinamidi, kikohozi kikikataa kupona, mgonjwa huyo hudhaniwa kuwa na TB sugu. Mashine ya GeneXpert, iliyofanyiwa majaribio Mbeya na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2011, hupunguza kosa hilo kwa kuwa husoma vinasaba vya jamii ya TB peke yake, ila ikijibu kwamba hakuna TB haisemi ni nani aliyepo. Jibu hilo hutolewa na kuotesha makohozi, kazi ya wiki kadhaa ambayo zahanati haiiwezi, na tiba inayofuata, kwa Mycobacterium avium kwa mfano, huchanganya azithromaisini, rifampisini na ethambutoli na huendelea kwa miezi 12 baada ya makohozi kuwa safi.

Kwa hiyo, mgonjwa aliyemaliza dawa za TB bila kuruka siku na bado anakohoa asiache kliniki wala kukimbilia duka la dawa, bali arudi na kuomba makohozi yake yaoteshwe. Na maziwa ya nyumbani yachemshwe.