Vidole Vinapotetemeka Mbele ya Mwalimu

Katika mazungumzo yetu ya leo tungependa kuangalia jambo linaloonekana dogo, lakini limewafanya wengi waiache kazi njema waliyoianza. Ni ile hofu inayomshika mtu anapokwenda kufundishwa muziki na bingwa.

Karibu katika kila kanisa yuko kijana wa namna hii. Kila Jumapili yeye ndiye apigaye kinanda, na kwaya inamtegemea. Kisha anapata nafasi ya kufundishwa na mpiga piano mwenye sifa. Wiki nzima anafanya mazoezi, na wimbo unatoka bila kasoro. Lakini siku ikifika, akiketi tu mbele ya mwalimu, vidole vinakuwa vigumu kama vijiti. Anarudi nyumbani akisema, "Mimi sina kipawa," na harudi tena kwa mwalimu. Je, ni kweli hana kipawa?

Hebu tutazame hofu hii inavyotokea. Mtu anapoona hatari, ubongo hupeleka habari kwenye tezi mbili zilizo juu ya figo, nazo humimina adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio na pumzi huwa fupi. Damu hupungua kwenye ngozi na kuelekea kwenye misuli mikubwa, ndiyo maana vidole huwa baridi. Viganja navyo hutoka jasho. Mwili umejiweka tayari kumkimbia simba. Lakini piano haihitaji mbio. Yahitaji vidole vyenye joto na wepesi. Basi kutetemeka si ushahidi wa kukosa kipawa. Ni msaada uliofika mahali usipotakiwa.

Tena iko sababu ya pili, nayo imo katika fikira. Nyumbani kijana husikiliza wimbo. Mbele ya bingwa huanza kujisikiliza mwenyewe, na kuhesabu kila kosa kabla halijatokea. Mtu anayepanda ngazi bila kufikiri hufika juu salama. Akianza kuichunguza miguu yake, hujikwaa.

Na huyo bingwa je, yeye hajui hofu? Pablo Casals, aliyezaliwa Hispania mwaka wa 1876 na kufariki mwaka wa 1973, alikuwa mpigaji mkuu wa selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi. Mwaka wa 1901, alipokuwa akipanda mlima karibu na San Francisco, Marekani, jiwe lilianguka likaumiza mkono wake wa kushoto. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa la kumshukuru Mungu, kwa kuwa hatalazimika kupiga selo tena! Hofu ya kusimama mbele ya watu ilimwelemea kiasi hicho. Hata hivyo mkono ulipona, akapiga tena kwa miaka mingi, na hofu ile haikumwacha maisha yake yote. Wahenga hawakukosea waliposema: usione vyaelea, vimeundwa.

Miaka ya 1920, mjini Berlin, mpiga selo kijana aitwaye Gregor Piatigorsky aliombwa apige mbele ya Casals huyo huyo. Wasiwasi ukamzidi, akapiga vibaya kuliko kawaida yake. Casals akamsifu na kumkumbatia. Kijana aliondoka na uchungu, akidhani amesifiwa kwa uongo. Miaka baadaye, walipokuwa wamekwisha kuwa marafiki, alimweleza Casals jambo lililomkera. Mzee akakasirika, akachukua selo yake, akamwonyesha: mahali fulani ulitumia vidole hivi, na mahali fulani ulivuta upinde hivi, mambo hayo yalikuwa mazuri, nami niliyasikia. Piatigorsky aliiandika habari hiyo katika kitabu chake mwaka wa 1965, naye alikuwa amekwisha kuwa mwalimu wa wengine.

Twajifunza nini hapo? Kijana alikuwa akihesabu makosa. Bingwa alikuwa akitafuta kilicho chema. Mwalimu wa kweli haketi kama hakimu. Yeye ni kama fundi anayepima ubao ajue aanzie wapi kuupiga randa. Mwanafunzi asiyekosea amwendee mwalimu kwa haja gani?

Sasa tufanye nini siku ya somo? Tufike mapema, tuoshe mikono kwa maji ya moto au tuisugue ipate joto. Tuvute pumzi, kisha tuitoe polepole kuliko tulivyoivuta, kwa maana pumzi ndefu hutuliza mapigo ya moyo. Siku zilizotangulia, tupige wimbo ule mbele ya mama, ndugu, au wawili watatu wa kwaya, ili tuzoee masikio ya watu. Tuanze kwa mwendo wa pole. Tukikosea, tuendelee mbele bila kurudi nyuma. Na tusione haya kusema, "Mwalimu, nina wasiwasi leo." Neno hilo huondoa nusu ya mzigo, maana kilichofichwa ndicho kinachoelemea.

Nanyi mnaofundisha, kumbukeni kwamba neno lenu la kwanza laweza kumjenga kijana au kumvunja. Mtafutieni jambo jema moja la kweli kabla ya kumwonyesha kosa.

Katika 1 Nyakati sura ya 25 twasoma habari za waimbaji 288 waliofundishwa kwa ajili ya nyumba ya Bwana. Zamu zao zilipangwa kwa kura, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Bingwa hakutengewa kura yake, wala anayejifunza hakuachwa nje.

Wapenzi, viko vinanda vilivyofunikwa kitambaa makanisani kwa sababu kijana mmoja alitetemeka siku moja, akadhani huo ndio mwisho. Kama tunamjua, twende tukamwambie arudi kwa mwalimu wiki hii, vidole vikitetemeka au visitetemeke. Kwaherini.