Ufaransa: Divai nyeupe ya Bourgogne, subira isiyolipa kila mara

Wapenzi wa divai nyeupe ya Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, walikuwa na kanuni moja: chupa nzuri hainywewi haraka. Inanunuliwa, inalazwa mahali penye giza na baridi ya nyuzi 12 hivi, kisha inangojewa miaka kumi au zaidi. Kwa divai nyingi za mavuno ya 1995 na 1996, subira hiyo haikulipa.

Waliofungua chupa hizo walikuta divai iliyogeuka kahawia. Harufu ilikuwa ya tofaa lililokatwa na kusahauliwa mezani. Kibaya zaidi, katika sanduku moja la chupa 12, moja ilikuwa nzuri sana na ya pili imekufa. Hakuna aliyeweza kujua kabla ya kufungua.

Hasara si ndogo. Divai hii hutoka kwenye zabibu za Chardonnay, katika vijiji kama Meursault na Puligny-Montrachet. Shamba maarufu kuliko yote, Montrachet, lina hekta 8 tu, na chupa yake moja huuzwa mamia ya dola, mara nyingi zaidi ya elfu.

Hewa ndiyo adui

Divai changa huwa na ukali wa limau na harufu ya mbao za pipa. Ikizeeka vizuri, ukali unatulia, na harufu za asali, njugu na mkate uliookwa zinajitokeza. Kazi hiyo inahitaji hewa kidogo sana. Ikizidi, divai inaharibika.

Wataalamu hawataji chanzo kimoja. Wanashuku vizibo vya gome la mwaloni visivyobana sawasawa, salfa iliyopunguzwa, zabibu zilizokamuliwa kwa upole mno, na mashapo yaliyokorogwa kupita kiasi ndani ya mapipa.

Tangu hapo, wazalishaji wengi wamebadili kazi yao. Wengine wameongeza salfa kidogo. Wengine wanatumia vizibo vya gome lililosagwa, kusafishwa na kushindiliwa, ambavyo hupitisha hewa kwa kipimo kinacholingana. Hali imekuwa nafuu, lakini hofu haijaisha.

Namna ya kuionja

Mimina kidogo kwenye glasi pana, uishike mbele ya kitambaa cheupe. Rangi ya dhahabu inayong'aa ni dalili njema. Kahawia iliyofifia ni onyo. Nusa kabla ya kunywa. Usiinywe ikiwa baridi kama soda, maana baridi kali huficha harufu.

Siku hizi wanunuzi wengi waangalifu hawangojei tena miaka 20 kwa kufumba macho. Wananunua chupa kadhaa za aina moja, na baada ya miaka mitano au sita wanafungua ya kwanza. Hiyo ndiyo inayowaambia kama waendelee kungoja, au wanywe zilizobaki mapema.