Ugomvi wa wawili usivishwe kanzu ya chama



Ndugu wasomaji, leo tunapenda kuzungumzia maradhi ambayo huingia majumbani mwetu polepole, hata mwenye nyumba asijue yamepita mlango upi. Watu wawili hugombana kwa jambo lao la binafsi, kisha kila mmoja akakimbilia jina la chama, la kabila au la kisiwa ili limpiganie. Mpaka wa shamba, deni la dukani, posa iliyokataliwa, mambo ambayo wazee wangeyamaliza kwa kikao kimoja, hugeuka kuwa ugomvi wa "hawa" na "wale". Yakishafika hapo, ni shida kumpata msuluhishi, kwani kila anayejitokeza huulizwa kwanza yeye ni wa upande gani.

Jambo hili si geni. Imepokewa kuwa katika msafara wa Banu Mustaliq, mtu mmoja katika Muhajirina alimpiga mtu mmoja katika Ansari. Aliyepigwa akapaza sauti kuwaita Ansari wenzake, na mwenzake naye akawaita Muhajirina. Mtume (S.A.W.) aliposikia aliukemea mwito ule, akaufananisha na miito ya zama za ujahili, na akawataka wauache kwa uovu wake. Tuzingatie kwamba majina yale mawili hayakuwa matusi. Ni majina ya sifa, na Qur'an imewataja wenye majina hayo kwa kuwasifu. Kilichokemewa ni kulifanya jina jema kuwa rungu la ugomvi.

Kisa hakikuishia hapo. Abdullah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki wa Madina, aliudaka ugomvi ule akautia kuni, akadai kuwa wakirejea mjini watu watatolewa. Madai yake yametajwa katika Suratul Munafiqun. Kwa hiyo kosa la mtu mmoja kwa mwenzake lilitaka kufanywa sababu ya kuwafukuza watu wote wa kundi lake. Waliogombana walikuwa wawili, na aliyetaka kunufaika alikuwa wa tatu.

Sasa tutazame kwetu, visiwani Unguja na Pemba, ambako karibu wakazi wote ni Waislamu. Wazee wa huko hukiita kipindi cha 1957 hadi 1964 "zama za siasa". Baada ya uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957, wafuasi wa Afro-Shirazi na wa Hizbu waligomeana maduka na mabasi, na wengine wakagomeana hata mazishi. Mwezi Juni 1961, uchaguzi ulipofanyika, zilizuka ghasia zilizoua watu 68.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, majina ya zamani yalirudi navyo. Katika uchaguzi wa urais wa Zanzibar wa Oktoba 1995, mgombea wa CCM alitangazwa kupata asilimia 50.2 na wa CUF asilimia 49.8. Jina la "Hizbu", chama ambacho hakikuwapo tena tangu 1964, likabandikwa wafuasi wa CUF, ambao wengi wao hawakuwa hata wamezaliwa chama hicho kilipokuwa hai. Wafuasi wa CCM nao wakaitwa vibaraka wa Bara. Mpemba akahesabiwa mpinzani kabla hajafungua mdomo. Huko Pemba watu walisusiana harusi, maduka, misiba na hata misikiti. Mwezi Januari 2001 maandamano yalikabiliwa kwa risasi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana na kuanzisha maridhiano. Katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 ya waliopiga kura walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Lakini uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa na kurudiwa tarehe 20 Machi 2016, habari za kususiana zilisikika tena Pemba. Hapa tunajifunza kuwa viongozi wanaweza kupeana mikono, lakini chuki baina ya nyumba na nyumba haiondoki kwa mkono wa kiongozi. Huondolewa na wenye nyumba wenyewe.

Hatusemi kuwa siasa iachwe, wala kuwa anayedai haki anyamaze. Waliokufa walikufa kweli, na wajane na mayatima wao wana haki ya kusikilizwa. Tunalokataa ni kumhukumu jirani kwa jina alilobandikwa, badala ya kwa alilolitenda yeye mwenyewe.

Suratul Hujurat imeliweka wazi jambo hili. Imetutaka tuihakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu, na imetukataza kudharauliana, kupeana majina mabaya, kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana. Mtume (S.A.W.) naye amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Kusindikiza jeneza ni katika haki za Muislamu kwa Muislamu mwenziwe, na haki hiyo haikuwekewa sharti la kadi ya chama.

Tufanye nini basi? Ugomvi ukizuka, tuuvue kwanza kanzu ya chama tuone kilichobaki. Kikibaki deni, lipelekwe kwa mashahidi na lilipwe. Ukibaki mpaka, waitwe wazee waliopanda ile mikarafuu. Likibaki neno baya, aliyelisema aombe radhi. Na kama hakikubaki kitu, basi tujue tulikuwa tukimchukia mtu asiyetukosea.

Wazazi nasi tuchunge ndimi zetu tunapokula na watoto. Mtoto hajui sera za chama chochote, lakini akisikia kila usiku kuwa "wale ndivyo walivyo", kesho atakataa kukaa dawati moja na mtoto wa jirani, na hatakuwa na sababu ya kukupa ukimuuliza.

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Chama kina wafuasi wengi, na ukifa kitaweza kutuma salamu za rambirambi. Lakini wa kukuosha, kukuchimbia kaburi na kukubeba mabegani ni jirani huyo huyo ambaye leo humuitikii salamu.