Kupanga Hati kwa Ngazi: Asili Kwanza, Mada Baadaye

Hati zinapoingizwa katika programu ya kutunza nyaraka, swali la kwanza si kiasi cha nafasi iliyomo katika kompyuta, bali kila hati itakaa chini ya nini. Makala haya yanaeleza msingi wa mpango huo na faida yake kwa watafiti wa Kiswahili.

Mfano ulio karibu ni maandishi ya André Yav ya mwaka 1965 juu ya Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Jina lake la Kifaransa huanza na neno Vocabulaire, yaani msamiati. Hata hivyo, si kamusi: ni historia ya mji na ya ukoloni, iliyosimuliwa kwa Kiswahili cha huko kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Anayepanga kwa kutazama jina tu ataiweka penye makamusi. Hapo mwanahistoria hataiona, na mtunga kamusi ataipita.

Ili kuepuka hasara hiyo, watunza nyaraka hufuata asili. Mwaka 1841, Natalis de Wailly alielekeza huko Ufaransa kwamba karatasi zilizotoka kwa mtu mmoja au chombo kimoja zikae pamoja. Mwaka 1994, kanuni ya kimataifa iitwayo ISAD(G) ilieleza ngazi zenyewe. Kwa Kiswahili zaweza kuitwa fungu, mfululizo, jalada na hati. Fungu hukusanya nyaraka zote za asili moja. Mfululizo, zile za shughuli moja. Jalada, zile za jambo moja. Hati ni karatasi au kanda yenyewe. Maelezo hutoka kwa jumla kwenda kwa mahususi, na lililokwisha kusemwa juu halirudiwi chini.

Kanuni hiyo ya mwisho yafanana na upatanisho wa kisarufi. Ngeli ya nomino ikishajulikana, viambishi vya maneno yanayoifuata huitegemea. Vivyo hivyo, katika programu ya AtoM, jina la aliyeziumba nyaraka likiandikwa kwenye fungu, ngazi za chini hulirithi. Kwa hiyo, kosa la juu huenea hadi chini, na hati ikihamishiwa tawi lisilo lake yaweza kurithi mwenyewe asiye wake. Aidha, anayefuta ngazi ya juu hufuta pamoja nayo yote yaliyo chini yake.

Je, mada zitawekwa wapi? Hati ina asili moja, lakini mada zake ni nyingi. Kuifungulia kila mada tawi lake huzaa nakala zisizolingana. Yafaa mada ziandikwe kama maneno ya kutafutia, yanayokatiza matawi yote. Hivyo maandishi ya Yav yatabaki mahali pamoja, nayo yatapatikana kwa anayetafuta historia, kazi za nyumbani au Kiswahili cha Katanga.

Basi, kabla ya kuigusa programu, mti wote na uchorwe kwanza kwenye karatasi.