Upepo wa tela huamuliwa na mzigo, si mazoea

"Bosi, nijaze ngapi?" Fundi wa pancha huuliza huku ameshachomeka mpira wa kompresa kwenye valvu, na mara nyingi hujibiwa: weka thelathini na tano zote. Kwa gari dogo linalozunguka mjini, jibu hilo halina madhara makubwa. Kasheshe huanza gari linapofungwa tela nyuma, limesheheni mahema, mitungi ya gesi, madumu ya maji na chakula cha wiki nzima, likashika njia ya Arusha kwenda Serengeti.

Kinachobeba mzigo huo si mpira wa tairi, ni upepo uliofungiwa ndani yake. Upepo ukiwa mdogo kuliko mzigo, ubavu wa tairi hujikunja kila gurudumu linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, na joto hulegeza mshikamano wa mpira na waya zilizomo ndani, mpaka kashata zibanduke vipande vipande. Ndiyo maana tairi lenye upepo haba huweza kustahimili mashimo ya asubuhi, likaja kupasuka saa nane mchana kwenye lami nzuri, dereva akiwa amekaza mwendo. Upepo ukizidi nako kuna hasara: tairi hugusa barabara kwa katikati tu, huliwa katikati, na tela jepesi hurukaruka hadi vyombo vyote vilivyomo vihame mahali pake.

Gari lenyewe humwambia dereva mapema. Usukani huvuta upande, au kiti hutetema. Tela halisemi kitu. Tairi lake linaweza kupoteza nusu ya upepo na aliyeshika usukani asijue, hadi wanaomfuata nyuma wampigie honi.

Basi namba sahihi inapatikana wapi? Kwa gari, iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi tunayoyatumia yametoka Japani, hivyo kibandiko huwa cha Kijapani na hakitaji psi. Utaona 230 na pembeni yake 2.3. Ya kwanza ni kilopaskali. Gawanya kwa 6.9 utapata psi 33. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni jambo jingine: hiyo ni ya kikomo, na anayeijaza kwenye gari dogo kwa kudhani ndiyo maelekezo anakosea.

Kwa tela, kanuni hiyo karibu igeuke juu chini. Marekani, ambako familia huvuta nyumba za magurudumu kutoka jimbo hadi jimbo, kuna matairi maalumu ya tela yanayotambulika kwa herufi ST mbele ya kipimo. Tairi la ST225/75R15 la daraja E hubeba takriban kilo 1,285, lakini kwa sharti la kujazwa psi 80. Kwa psi pungufu, uzito linaoruhusiwa kubeba nao hushuka. Kwa kuwa matela mengi hutoka kiwandani yakiwa na matairi yenye akiba ndogo ya nguvu, ushauri wa kawaida wa watengenezaji ni kujaza hadi namba ya ubavuni.

Wamarekani wenyewe walijifunza uzito wa psi chache kwa gharama kubwa. Mwezi Agosti 2000, Firestone iliyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa ya gari la Ford Explorer, kufuatia ajali ambazo hatimaye zilihusishwa na vifo vya watu zaidi ya 200. Ford ilikuwa imependekeza psi 26, Firestone ikasema zilipaswa kuwa 30, na kampuni hizo mbili zikarushiana lawama hadharani. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria iliyozaa taa ya onyo la upepo tunayoiona leo kwenye dashibodi. Sharti la taa hiyo, hata hivyo, liliwekwa kwa magari, tela halikuguswa.

Huku kwetu matela mengi huchomelewa karakana za mtaani na kufungwa matairi yaliyostaafu kwenye Land Cruiser. Hayana kibandiko, kwa hiyo hesabu inabaki kwa mwenyewe. Lipime tela likiwa limeshapakiwa kila kitu, maji yakiwemo, kwa maana lita 100 za maji ni kilo 100. Tuseme lina ekseli moja na mizani inasoma kilo 1,200. Kama kilo 120 zimeegemea ndoano ya gari, zinabaki 1,080, yaani 540 kwa kila gurudumu. Lakini tangi la maji likiwa kulia, gurudumu la kulia linaweza kubeba 600 na la kushoto 480. Upepo wa magurudumu yote mawili uchaguliwe kwa lile lililolemewa, kwa kufuata jedwali la mzigo la mtengenezaji wa tairi. Jedwali likikosekana, ifuate namba ya ubavuni, mradi ringi na valvu vimetengenezwa kuhimili kiasi hicho.

Namba hizi zote ni za tairi baridi, yaani lililosimama saa tatu hivi bila kutembea. Likishakimbia, upepo hupanda kwa psi kadhaa, na kupanda huko kumeshahesabiwa. Dereva anayesimama Makuyuni, akapima tairi la moto na kupunguza "iliyozidi", anajitengenezea upungufu wa kesho asubuhi. Anayetoka Dar es Salaam asihangaishwe na mwinuko. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na wepesi wa hewa ya huko huongeza karibu psi 2 kwenye geji, lakini baridi ya asubuhi nayo huondoa takriban kiasi hichohicho. Muhimu ni kupima upya kabla ya kuondoka, kwa geji yako mwenyewe, kwa sababu za vituoni hutofautiana.

Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, kuelekea lango la Naabi la Serengeti, wapo wanaopunguza upepo ili tairi limeze mitikisiko. Inakubalika kama mwendo nao utapunguzwa na kuna kompresa ndogo ya kurudishia upepo kabla ya lami. Bila hiyo, ni heri kupunguza mwendo peke yake.

Kuna jambo moja ambalo upepo hauwezi kulitibu. Tela hulala uani miezi kadhaa likipigwa jua, na mpira hukauka na kufanya nyufa wakati kashata bado ni nzima. Tafuta ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi likishapita miaka sita, litazamwe na fundi kwa makini, na likiwa na nyufa libadilishwe hata kama linang'aa. Bei ya matairi mawili mapya ni ndogo kuliko ya tela lililopinduka pamoja na gari linalolivuta.